Vipimo vya Mikono Miwili

Bangili imegoma kwenye kifundo.
Mkono wa kulia umekuwa wa mtu mwingine,
mzito, ngozi imewambwa kama ngoma.
Bonyeza kidole: kishimo kinabaki,
kinakutazama.

Walitoa titi, wakatoa na tezi za kwapani,
wakashona. Mimi fundi cherehani hapa Ngora,
mshono naujua. Huu hauna kasoro.

Ila Amuge, yule wa mazoezi ya viungo,
alinionyesha barabara dirishani:
waliposhindilia tuta bila kalvati,
maji ya kinamasi yalikosa pa kupita,
yakaingia kwenye mihogo ya watu.
“Kovu lako ndilo tuta,” akasema.

Basi kila jioni naanzia juu, begani,
nafungua njia. Ndipo nashuka kiwikoni
na kuyapandisha maji, polepole,
kama unavyombembeleza ndama avuke daraja.
Halafu bendeji.
Mume wangu hushika ncha, haulizi kitu.

Leo nimejipima gauni la Krismasi.
Kwenye daftari, penye jina langu,
kushoto: inchi kumi na moja.
Kulia: kumi na tano.

Hiyo ya kulia
nimeiandika kwa penseli.