Dakika Nane

Ncha ya kusini ya mbingu, hapa Segerea,
iko chini mno: digrii saba kasoro kidogo,
na hizo saba zote kazichukua jirani
kwa simtanki lake jeusi la lita elfu tano.
Wengine wana nyota ya kulengea. Mimi nina tangi.

Basi naanza kwa kupapasa.
Nachagua nyota moja karibu na utosi,
naiweka kwenye msalaba mwembamba wa lenzi,
nangoja. Dunia inazunguka,
na kiti cha darubini kinapaswa kuirudisha
kwa mwendo uleule, bila haraka, bila deni.
Nyota ikiteleza kaskazini, nakaza boliti ya magharibi
robo ya robo ya mzunguko,
kama anayeonja chumvi kwenye chungu cha watu.
Nangoja tena. Usiku unakatika vipande hivyo.
Ndege za Kipawa zinapita na taa zao tumboni,
mbu ananisomea risala sikioni.

Picha ya kwanza: nyota zimekuwa punje za mchele,
tena ule wa Kyela, mrefu.
Ya pili mchele. Ya tatu nyota. Ya nne mchele.
Nikachukua daftari la hesabu la mdogo wangu Havijawa,
nikaandika, kila sekunde kumi, imehama kiasi gani,
mpaka mstari ukainuka na kushuka kurasani
kama kifua cha mtu aliyelala.
Dakika nane. Kisha dakika nane tena.

Gurudumu lina meno mia na themanini.
Parafujo inayolisukuma huzunguka mara moja
kwa kila jino, na kila jino ni dakika nane.
Nikajua mwizi anakaa wapi.

Gerezani, fundi Mwinchumu akaifunga kwenye kerezo,
akaiwekea geji. Sindano ikacheka upande mmoja.
"Haijapinda," akasema. "Aliyeichonga alikuwa amechoka.
Nikiikereza nitaila. Iache."
Akafuta grisi, akatoa unyuzi wa chuma
mwembamba kuliko kope, akanidai elfu tatu.

Jumanne usiku umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema aah!
Mimi nikanyamaza na furaha yangu ya aibu.
Betri ya bodaboda ikaendelea kuilisha mota.
Mama akapanda na kikombe cha tangawizi,
gizani, bila tochi. Kipandio cha tano
kilimeguka tangu masika ya mwaka juzi.
Nikasikia kandambili: moja, mbili, tatu, nne,

kimya kirefu kidogo,

sita.
Hakumwaga tone.

Nikarudi kwenye daftari.
Nikaiandikia mota milima na mabonde yake yote:
hapa kimbia kidogo, hapa jizuie,
hapa utakosea, basi anza mapema
kukosea kinyume.

Picha ya dakika tano, upande wa Msalaba wa Kusini:
kishada kizima cha nyota kimesongamana
kama ufuta kwenye kashata,
na kila ufuta una duara lake.
"Ndiyo hiyo tu?" Mama akauliza.
Ndiyo hiyo.
Akaitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Kwenye kona ya chini bado kuna mchele, punje tatu nne.
Nilikuwa nazihesabu umeme uliporudi.
Mtaa ukashangilia,
na pampu ya jirani ikaanza
kulijaza tangi.