Ngoja

Mashine ya Lóránt ina rangi ya meno ya mvuta sigara.
Aliinunua Szeged mwaka aliooa,
na programu ya sataranji akaiandika mwenyewe, jikoni,
mstari kwa mstari, mkewe akimenya viazi.

Sasa diski zinakohoa. "Ihamishe," akaniambia,
kana kwamba ni kabati.

Kumbe mashine hizi mbili hazisomi namba kutoka upande mmoja:
ile kuukuu huanza na tarakimu kubwa,
yangu huanza na ndogo.
Nilipoiwasha mara ya kwanza
farasi walisimama kichwa chini miguu juu,
mfalme mweupe akazaliwa kambini mwa adui,
na programu ikatangaza, bila haya: nimeshinda.

Wiki tatu nikageuza baiti kama mtu ageuzaye soksi.
Nikakuta kosa la tangu enzi zile:
askofu amepewa thamani kuliko ngome.
Nikalifuta.
Nikalirudisha. Bila hilo haichezi kama yeye.

Jumapili akaja, kofia mkononi, akasogeza askari.
Jibu likatoka kabla kidole hakijainuka.
Akasogeza tena. Tena, papo hapo.

"Hii haifikiri," akasema.
"Zamani nilikwenda kuchemsha kahawa, nikanywa,
nikaosha kikombe, nikarudi, bado inawaza.
Ilikuwa ikiniheshimu."

Usiku ule, katikati ya maelfu ya mistari yake,
nilichomeka mmoja wa kwangu:
ngoja dakika nne.