Tundu la Arobaini na Moja

Kabla ya kuingia karakana navua hereni.
Ndiyo sheria. Nazitia kwenye kikopo cha peremende
pamoja na pete, na uchovu usioandikwa kwenye kadi ya zamu.
Nje, Wichita imelala chali chini ya upepo,
tambarare mpaka macho yanakosa pa kugota.

Humu ndani kila kitu huanza na sifuri.
Si ile sifuri ya mwalimu Kiza, ya wino mwekundu,
iliyonifanya nifiche daftari chini ya godoro kule Uvira.
Hii ni kona: pembe ya bonge la alumini
inayoguswa na kijiti chenye jicho la rubi,
na mashine ikajua dunia yake imekaaje,
eksi kulia, wai mbele, zedi juu na chini.
Ukikosea hapo umekosea kote,
na kompyuta itakosea nawe kwa utiifu mkamilifu.

Nafunga mlango. Nabonyeza kijani.
Keekee inateremka, mizunguko elfu kumi na mbili kwa dakika,
ncha yake upana wa punje ya mtama,
maji meupe kama tui yakiipoza,
nayo inadonoa,
inaingia, inatoka, inaingia,
kuku asiyekosa punje hata moja.
Maranda yanaruka yakimetameta.
Mlio mwembamba ni ncha kali;
mlio wa kukwaruza, ncha imechoka.
Skrini haijalijua hilo bado. Sikio langu limekwisha kujua.

Matundu arobaini na nane kwa kila kipande.
Kitakaa ndani ya bawa, gizani,
wala hakuna abiria atakayekiwaza akitafuna karanga zake.
Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa.
Nawaongezea: vyaruka, vimetobolewa,
na aliyevitoboa ana kikao cha wazazi saa tisa alasiri.

Jumanne, saa nane usiku, Tuyet wa ukaguzi
alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu.
Hapo ukajua.
Tundu la arobaini na moja limehama.
Mikroni sitini. Unene wa unywele, akasema.
"Wangu au wako?"
Hakucheka.

Darrell Unruh, aliyeianza kazi hii
enzi za kuzungusha usukani kwa mkono,
akafungua jiriwa, akapitisha kidole kwenye taya lake,
akanionyesha: chenga moja,
ndogo kuliko chawa,
ilikuwa imelala chini ya kipande, ikikiinua ubavu.
Mashine haikukosea.
Ilitoboa pale pale ilipoagizwa;
kipande ndicho hakikuwapo.

Kibaya hakiruhusiwi kutoka mzima.
Kilipakwa rangi nyekundu, kikapelekwa kwenye msumeno,
kikakatwa katikati mbele yangu, nikatia sahihi.
Matundu arobaini na saba yasiyo na kosa
yakaenda na moja.
Samaki mmoja akioza, ndiyo, najua.
Tangu siku ile taya la jiriwa
nalifuta kwa kiganja kitupu.
Kitambaa hudanganya.

Asubuhi, ndani ya gari, nafungua kikopo.
Kwenye kioo, hereni ya kushoto
inaning'inia chini ya mwenzake
kwa milimita mbili, labda na nusu.
Shangazi Nabintu alitumia sindano ya kushonea magunia,
uzi mweusi, na kipande cha kiazi nyuma ya ndewe.
Jicho moja sikioni, jingine kwenye maharage jikoni.
Hakutafuta sifuri. Hakufunga jiriwa;
alinibana kwa magoti, nami nikamng'ata mkono.
Shangazi, kwa kipimo cha hapa
ningepakwa nyekundu kabla jua halijachwea.

Tuyet anapita akielekea gari lake,
anasimama, anagonga kioo.
Anayatazama masikio yangu, moja, kisha jingine,
kwa muda mrefu kuliko adabu.
Halafu anakunja ngumi
na kupiga mhuri hewani.