Mkebe wa Chumvi

King'ora cha zamu ya pili kikilia bonde zima la Nyando,
sisi wa maabara tulikuwa tumeshasimama,
makoti yetu meupe kwa jina tu,
tukingoja maji ya miwa yaletwe kwa ndoo:
meusi, mazito, yananuka matope
na moshi wa shamba lililochomwa jana.

Kazi yetu ilikuwa kuyafanya yaseme kweli.
Kijiko kimoja cha unga mweupe, koroga, chuja,
na ule weusi unatulia chini kama mgomvi aliyepewa kiti.
Kinachobaki ni chepesi, manjano ya mkojo wa mtoto.
Unakijaza kwenye bomba la kioo, unafumba jicho moja,
unasoma namba.
Kwa namba hiyo mkulima wa Koru alilipwa, au alikopwa.

Unga tuliuita unga. Basi.

Ogweno ndiye aliyenifundisha.
"Vuta kwa mdomo, Nasambu, polepole,
kama anayekunywa uji wa moto ukweni.
Ukifika kwenye mstari, ulimi uzibe."
Mara nyingine mstari ulinipita.
"Mtamu, sivyo?" Akacheka,
na kwenye ufizi wake nikaona uzi wa buluu,
kana kwamba ametafuna kalamu.
Tulimbandika jina, Bwana Wino. Naye aliitika.

Mwaka wa nane tumbo lake likaanza kujisokota.
Zahanati ya kiwanda ikampa dawa ya vidonda,
ile ya maji, nyeupe,
weupe juu ya weupe.
Kwao wakasema ni chira: alijenga boma kabla ya kaka yake.
Kisha kiganja kikaanguka.
Hakikumuuma. Kilining'inia tu
kama jani la mgomba lililovunjika shingo,
na kikombe kikamponyoka mezani,
chai ikatambaa hadi kwenye daftari,
ikala safu tatu.
Meneja aliuliza habari za daftari.

Daftari hilo nalijua kwa moyo:
tarehe, shamba, saa, utamu, uchafu.
Hapakuwa na safu ya Ogweno.
Hapakuwa na safu ya mimba yangu ya miezi minne
iliyotoka Jumanne, saa za kupima molasi,
wala ya pili, ambayo sikumwambia mtu.
Nilijifunga leso, nikarudi kwenye stuli yangu,
maana matrekta yalikuwa yamepanga foleni hadi relini.

Sasa ipo mashine. Inamulika taa ndani ya maji ya miwa
na kutaja namba yenyewe.
Unga uliondolewa usiku mmoja, bila tangazo,
kama mgeni aliyeiba.
Miaka ikapita ndipo akaja kijana wa afya kazini
na sindano, akatutoa damu sisi tuliobaki,
akautaja ule unga kwa Kiswahili chake sanifu.
Wenzangu waliuliza habari za fidia.
Mimi nilikaa kimya kwenye benchi
nikihesabu mikebe.

Kwa maana mikebe ilikuwa mizuri.
Bati zito, kifuniko kinachobana,
na kila mwisho wa mwezi tuligawana kwa zamu, bila ugomvi.
Mmoja uko Awasi kwa dada yake Ogweno, anapimia wateja omena.
Miwili mingine sijui ilikokwenda.
Wangu niliupeleka kwa mama mkwe, zawadi ya kwanza.
Aliugonga kwa kucha, akasikiliza, akasema:
"Humu mende atakufa njaa nje."

Jumapili nikafika. Ulikuwa pale pale juu ya kabati.
Lile fuvu lililochorwa ubavuni
alikuwa amelisugua kwa majivu miaka yote hiyo;
limebaki tundu moja la jicho na meno mawili.
Alikuwa ameshachota chumvi kwa vidole vitatu,
sufuria inatokota.
Nikamdaka mkono.

"Kuna nini, nyar Bungoma?"
"Risasi, mama."

Akauweka mkebe chini taratibu,
akaenda mlangoni,
akaitazama barabara ya juu,
akatega sikio.