Rangi Mkono Mmoja

Baba alilinunua kwenye mnada wa misheni, huko Kwimba:
gari la wagonjwa lililokwisha kuchoshwa na wagonjwa.
Aking'oa machela, akatandika godoro la tano kwa sita,
akafunga rafu ya sahani, jiko la mchina,
pazia la khanga lenye nusu ya msemo
(nusu ya pili mama alishaikata kumbebea Kabula).
Halafu akalipaka kijani, mkono mmoja tu,
kwa sababu mkono wa pili
ulikuwa bei ya dizeli hadi Kisorya.

"Nyumba yenye miguu," alitangaza,
na majirani wa Igogo wakateremka kwenye mawe yao
kuja kuipiga mateke ya upole kwenye matairi.

Mimi ni Limi: nilizaliwa jua likiwaka.
Mdogo wangu Kabula alizaliwa mvua ikimwagika.
Kwetu Usukumani jina halitafutwi,
mtu huchungulia nje tu.
Basi tone la kwanza lilipogonga bati, pale Kisesa,
sote tulimgeukia yeye.
"Izime," nikamwambia.
Alikuwa na miaka mitano. Akafumba macho,
akakunja ngumi, akajaribu kweli.

Ziwa lilikuwa kushoto kwetu.
Baada ya Nyanguge lilikuwa kila upande.
Paa likaanza kuvuja: sufuria hapa, kikombe pale,
kopo la maziwa juu ya tumbo la mama aliyejilaza,
kila chombo na sauti yake.
Bibi Nyanzobe aliketi katikati, mwavuli wazi,
ndani ya gari, ametulia
kama abiria anayesubiri gari jingine.

Hatukujua kwamba nje rangi ilikuwa inaondoka.
Kijani kilitiririka ubavuni, kikashika matope,
tukakiacha barabarani maili baada ya maili.

Ng'ambo ya daraja la Simiyu
mwanamume aliruka mbele yetu, mikono yote miwili juu.
Nyuma yake wanne, kitanda cha kamba mabegani,
na turubai juu ya kitanda, na turubai ilikuwa inalia.
Baba akatoa kichwa: "Hili si gari la wagonjwa!
Hii ni nyumba, ndugu yangu, nyumba!"
Yule hakujibu. Alinyoosha kidole.
Baba akashuka, akasimama kwenye mvua,
akausoma msalaba mwekundu, uliooshwa ukatakata,
kama mtu anayekuta barua yake
imeshafunguliwa na wengine.

Bibi akafunga mwavuli.
"Haya, sufuria zitoke. Lukelesha, endesha. Watoto, mbele."

Wipa moja ilifanya kazi, ya upande usio wa dereva.
Baba aliendesha ameegemea kwetu, akichungulia kupitia nywele zangu.
Nyuma ya pazia, nyuma ya nusu ile ya msemo,
mtu alikuwa anavunjika.
Kabula, mapajani mwangu, akaninong'oneza:
"Sasa niizime?"
Nikasema hapana.
Nikasema iache, iongeze,
ili bati lipige kelele kuliko huko nyuma.
Akafumba macho tena. Ikaongezeka.

Mtoto aliwahi Magu kabla yetu.
Alilia kwenye tuta la kwanza, akanyamaza kwenye la pili,
na baba, kwenye la tatu, akapita taratibu
kama mtu anayevuka mkeka wa watu wanaokula.
Jina hatukuuliza.
Kwa mvua ile, nani angeuliza?

Kivuko tulikikosa.
Ukerewe sijaiona hadi leo, nawasikia tu wakisifia machungwa yake.
Tulilala stendi, tukala wali wenye maji ya paa,
na baba akacheka peke yake gizani, mara moja, kwa ufupi,
tukajifanya tumelala.

Mkono wa pili hakuupaka kamwe.
Wakawa wanagonga usiku, kutoka Igogo hadi Butimba;
alitukana kwanza, halafu akatafuta viatu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Tuliporudi,
mama alilitoa godoro, akalisugua kwa sabuni ya mche,
akaliegemeza kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba.
Kulikuwa na mawingu bado.
Akanivutia kigoda.
"Kaa hapa, Limi," alisema,
"ufanye kazi ya jina lako."