Kopo la Udongo wa Kasongo

Wiki ile mlima ulipokohoa
mabomba ya Majengo yalikauka,
maji yakawa kitu cha kupandishwa kwa chukudu kutoka ziwani
au cha kungojewa tangu alfajiri
kwenye bomba moja la Birere, lililotoa uzi mwembamba
kama mtu asemaye kwa kulazimishwa.

Mama aliyapokea maji kama karani wa forodha.
Rangi kwanza: alimimina kiganjani, akainama.
"Majivu. Hayo ni ya ardhi hii.
Maji hayalaumiwi kwa kitanda yalicholalia."
Kisha ladha, kwa ncha ya ulimi, akatema kando.
Kisha harufu, akakunja pua:
"Klori. Wanazuia kipindupindu, Mungu awalipe."
Bidoni ilikuwa ya mawese zamani,
shingoni bado ina mstari mwekundu.
Aliupitisha kidole. "Huyu ni jirani tu,
hajachanganyika nayo."

Nikajua nimefaulu. Nikageuka niende zangu.

"Na foleni, Abedi?"

Rangi, ladha, harufu:
chuoni tulihesabu tatu, kwa vidole vitatu.
Nikatazama miguu yangu, ya kijivu hadi vifundoni.

Bidoni ya Koko Kasoki ilikuwa mbele yangu,
ya kijani, imefungwa kamba mahali pa mpini.
Mwenyewe alikaa juu ya jiwe akichua goti.
Niliisukuma kwa mguu. Hivyo tu.
Ule uzi ukakatika mara nilipofunga kizibo.

Mama hakupaza sauti.
"Maji ni tohara," alisema, "siyasingizii.
Ila si yetu. Yapeleke."

Mwadhini alikuwa anaita bila kipaza sauti,
umeme nao ulikuwa umekwenda na mabomba.
"Utatawadha na nini?"

Goma yetu ni jiwe lililopikwa.
Mwalimu Assumani na mwalimu Kitoga walizeeka
wakibishana kama vumbi lake ni udongo
au ni majivu tu yaliyopewa cheo.
Mama hakuwangoja wamalize.
Chini ya kitanda alivuta kopo la maziwa ya unga,
udongo mwekundu wa Kasongo alikozaliwa,
akautandaza kwenye sahani ya bati
taratibu, kama anayepembua mchele.

Bidoni ilikuwa nzito kuliko wakati wa kuja.

Koko Kasoki alinusa. "Yananuka dawa."
Akayamimina kwenye sufuria ya maharagwe
yaliyomngoja tangu asubuhi.
Hakunishukuru, hakunifokea.
Alinirudishia bidoni na kunionyesha mlango,
maana moshi ulikuwa mwingi.

Niliporudi mama alikuwa ameshatoa salamu,
anahesabu tasbihi kwa vifundo vya vidole,
vumbi jekundu kwenye nyusi.
Sahani ilikuwa bado mkekani.
Upande mmoja, viganja vyake viwili.
Upande wa pili udongo haujaguswa,
upana wa mikono ya mtoto,
na magharibi ilikuwa haijatoka.