Herufi za Kati

Mimi bei ya ardhi siisomi gazetini,
naisoma kwenye ndoo zangu za rangi.
Nyekundu ikiisha kabla ya nyeusi
jua Lindi imelisikia tena neno gesi.

Mwaka ule wa kwanza nilinunua brashi tatu mpya.
Toka Mtanda hadi Mitwero waliniita kwa jina:
Fundi Chinduli, njoo, andika KIWANJA KINAUZWA,
namba ya simu iwe nene, aione na aliye garini.
Kila herufi mia tano, tarakimu bure.
Shamba la mihogo likaitwa ploti.
Mikorosho ya marehemu Namtuka,
ambayo ndugu walikuwa wakisukumiana kuipalilia,
ilipata warithi kumi na mmoja kwa wiki moja,
na kila mmoja alinilipa kwa siri niandike HALIUZWI.
Nikaandika mara kumi na moja, mti kwa mti.

Waliokuja na vipimo walikuwa na rangi yao,
ya kupuliza, mkebe unafoka kama nyoka:
alama ya mkasi ukutani, namba chini yake, wakaondoka.
Hao hawakuniuliza bei.

Vyumba vya elfu ishirini vikatandikwa vigae.
Choo kikaingizwa ndani, mpangaji akatolewa nje.
Mwalimu Tekla alihamia Ng'apa, kitanda juu ya guta,
nami nikabaki mlangoni kwake naandika
CHUMBA MASTA, WAGENI WA KAMPUNI TU.
Mkono haukutetemeka.
Njaa ina mwandiko mzuri.

Wageni walikuja wawili.
Walilala hotelini, wakapiga picha, wakaaga.
Mkataba, tukaambiwa, uko mezani.
Basi meza hiyo ni ndefu,
sisi wa upande huu hatujauona hata mguu wake.
Kuku wakatagia juu ya vigae.
Kuku walilala, mkopo haukulala.
Nikaitwa nyumba zilezile, kwenda kufuta,
na kufuta hakuna anayekulipa kwa herufi.

Sasa hii ya leo.
Nyumba ninayopanga, hapa Mikumbi, ni ya Bi Somoe.
Ukuta wa mbele niliuandika mimi mwenyewe,
siku alipomkuta mwanawe na dalali
wanapima uwanja usiku kwa tochi ya simu:
NYUMBA HII HAIUZWI.

Juzi redio imesema tena, safari hii wanasaini.
Asubuhi Bi Somoe katoka na kikombe cha chai,
kasimama chini ya maandishi yangu, hakunitazama.
"Chinduli, ile haiuzwi, kuigeuza inauzwa, shilingi ngapi?"

Nikahesabu. Fundi ni fundi hata moyo ukimuuma.
Saba kwa saba.
Toa H, A, I, uweke I, N, A.
Mwishoni toa I, tia A.
Zile za kati, U na Z na W, hazina kesi,
zinakaa neno lolote atakalo mwenye ukuta,
kama sisi wapangaji.
"Herufi nne," nikasema. "Elfu mbili."
"Nikate kwenye kodi?"
"Kata."
Tukanyamaza wote wawili, maana tulijua
kodi hiyo imebaki miezi mingapi.

Nimefuta. Chokaa imekauka upesi, jua lilikuwa kali.
Adhuhuri simu yake ikaita, mwanawe, yuko Dar.
Akaingia ndani, akarudishia mlango.
Sijaambiwa niendelee, sijaambiwa nirejeshe.
Brashi nimeilaza kwenye mafuta ya taa.

Watoto wanatoka shule, wanasimama kusoma ukuta:
NYUMBA HII, kisha nafasi, kisha UZW.
"Uzwi," anasema mmoja.
"Uzwa," anambishia mwenzake.
Wananigeukia mimi.